Roboti katika filme za Japani: ni kitu ao ni mtu?

Mtoto wa chuma mwenye baba yake alimuuza. Askari wa mashine mwenye hataki tena habari ya vita. Mtumishi wa nyumba mwenye alikatazwa kusema na mtoto aliyemlea. Wote watatu ni roboti, na wote watatu wanatoka katika katuni za Japani, zile vijana wetu wanabeba ndani ya telefone. Wazazi wengi wanaona ni makelele ya vita tu. Katika ukurasa huu tunaeleza filme hizi zilianzia wapi, zinauliza nini, na sababu gani swali lake linatuhusu sisi wakaaji wa Banalia, Kisangani na mashariki yote ya Kongo.

MANGA NA ANIME: TOFAUTI NI GANI?

Hapa kwetu watu wanachanganya maneno haya mawili. Manga ni kitabu cha picha, chenye kusomwa. Anime ni filme ya picha zilizochorwa, yenye kutazamwa. Mara nyingi hadithi inaanza kama manga ndani ya gazeti. Kama watu wameipenda, kisha inatengenezwa filme. Tena anime si ya watoto peke yao. Kuko za watoto wa shule ya msingi, kuko za vijana, na kuko zenye hata mtu mzima anapashwa kutazama mara mbili ili aelewe.

Kwetu nyingi zinafika na sauti ya Kifaransa. Njia hiyo ilifunguliwa kule Ufaransa: tarehe 3 mwezi wa 7 mwaka 1978, televizio Antenne 2 ilianza kuonyesha Goldorak, roboti kubwa yenye kuendeshwa na mtu aliyeikaa ndani. Goldorak ni mashine tu, sawa gari ao ndege ya vita. Mwenye huruma ni yule anayeiendesha. Roboti tunazozungumzia hapa ni za namna ingine. Hazina dereva. Zinafikiri zenyewe, na katika hadithi zinaonekana kuwa na furaha, woga na uchungu.

NENO «ROBOTI» MAANA YAKE KAZI YA LAZIMA

Neno hili halikutoka Japani wala Marekani. Lilitoka kwa mwandishi Mcheki Karel Čapek. Mwaka 1920 aliandika mchezo wa teatre wenye kuitwa R.U.R., na mwaka 1921 ukachezwa katika mji wa Prague. Ndugu yake Josef, mchoraji, njo alimpatia neno. Katika Kicheki, «robota» ni kazi ya lazima, ile mkulima alimfanyia bwana wa shamba bila malipo.

Roboti za Čapek hazikuwa za chuma. Zilitengenezwa kiwandani kwa kitu chenye kufanana na nyama, na kwa macho zilikuwa sawa na watu. Ziliuzwa kwa ajili ya kazi tu, na hakuna aliyeziuliza kitu. Mwishowe zikaasi na kuua watu. Lakini mwisho wa mchezo kuna roboti mbili, mwanaume na mwanamke, zenye kupendana, na kila moja inajitoa kufa pahali pa mwenzake. Hapo mwanadamu aliyebaki anaelewa kama hawa wamekwisha kuwa watu.

Kwa mkaaji wa Tshopo, robota si habari ya mbali. Wakati wa Léopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, raia wa misitu walilazimishwa kutafuta mpira wa msituni chini ya bunduki. Kisha serikali ya Ubelgiji ikaleta mashamba ya lazima. Kuanzia mwaka 1917, mwanaume wa kijiji aliweza kulazimishwa kutoa mpaka siku 60 kila mwaka kwa pamba, mpunga ao mazao mengine yaliyoagizwa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, siku hizo zikapanda mpaka 120. Kwa Kifaransa cha serikali, watu wa namna hiyo waliitwa «main-d'œuvre», yaani mikono ya kazi. Mikono ilihesabiwa, mwenye mikono, anasikia nini moyoni, hilo halikuandikwa fasi yoyote.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, hadithi ya roboti inaongea juu ya yule anayetumikishwa na haulizwi. Chuma kilikuja nyuma.

ATOMU, MTOTO MWENYE HAKUKUA

Roboti wa kwanza mwenye kujulikana sana Japani ni Atomu. Katika inchi zingine anaitwa Astro Boy. Alichorwa na Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufa mwaka 1989, mtu aliyesoma udaktari lakini akachagua kuchora. Manga ya Atomu ilianza mwaka 1952. Anime yake ilianza kuonyeshwa kwenye televizio tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 1963, ikaendelea mpaka mwisho wa 1966, vipindi 193.

Hadithi iko hivi. Daktari Tenma, fundi mkubwa wa roboti, anapoteza mtoto wake Tobio kwa aksida ya gari. Kwa uchungu, anatengeneza roboti yenye sura ya mtoto wake na kuipatia jina lile lile. Siku za kwanza anaipenda sana. Kisha anaona kama mtoto huyu hakui: urefu ni ule ule, nguo ni zile zile, mwaka kwa mwaka. Anakasirika, anamuuza kwa watu wa sirki, fasi roboti zinapiganishwa ili watu wacheke. Mwalimu mwingine, Ochanomizu, anamtoa humo, anamtafutia wazazi, nao ni roboti pia, na kumpeleka masomoni pamoja na watoto wa watu.

Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tenma alikuwa na akili ya kutengeneza mtoto, lakini kazi ya kulea ikamshinda. Na tuangalie sababu yake: alimfukuza mtoto kwa sababu mwili wake haukuwa sawa na alivyotaka. Katika miji yetu kuko watoto wenye kufukuzwa nyumbani kwa sababu za namna hiyo. Mtoto anakojoa kitandani, ao anaanguka kifafa, ao hakui vizuri, ao baba amepoteza kazi, basi wanasema mtoto huyu ni mchawi, si mtoto wa kawaida. Sheria ya ulinzi wa mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009, inaazibu mwenye kumshitaki mtoto uchawi. Wengi hawaijui.

Kuko jambo lingine. Katika hadithi, Atomu anazaliwa tarehe 7 mwezi wa 4 mwaka 2003. Mwaka huo ulipofika kweli, mji wa Niiza, fasi kuna studio ya kampuni ya Tezuka, ulimwandika Atomu kuwa mkaaji wake wa heshima. Mtoto wa karatasi na wino akapata karatasi ya mji. Kwetu sheria inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa, lakini watoto wengi wa inchi hii wanakua bila cheti cha kuzaliwa. Mbele ya serikali, wao njo hawaonekani.

DADA YAKE URAN, NDUGU YAKE KOBALTI

Katika hadithi, Atomu ana dada mwenye kuitwa Uran na ndugu mwenye kuitwa Kobalti. Mkongomani akisikia majina hayo anageuka, sababu ni majina ya mawe yetu.

Bomu la atomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 lilitengenezwa na uraniamu, na sehemu kubwa ya uraniamu ile ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Wachimbaji hawakuambiwa itafanya kazi gani. Tezuka alikuwa kijana wakati wa vita na aliona namna mabomu ya moto yaliunguza Osaka. Miaka michache kisha, akampa mtoto wake wa chuma jina la nguvu ile ile iliyoua, lakini akamfanya mtoto wa amani.

Na kobalti? Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, zaidi upande wa Kolwezi. Iko ndani ya batri za telefone, za magari ya umeme, na za mashine nyingi zenye kutembea. Koltani ya Kivu inatoa tantali, yenye kuingia katika vipande vidogo vya elektroniki. Roboti wa leo akifunguliwa tumbo, kuna nafasi kubwa tukute humo udongo wa kwetu, na jasho la mchimbaji mwenye hajaona roboti hata moja.

FILME TATU ZA KUJUA

Ghost in the Shell (1995), ya Mamoru Oshii, kutoka manga ya Masamune Shirow iliyoanza 1989. Tuko mwaka 2029. Motoko Kusanagi ni afisa wa polisi mwenye mwili wote umetengenezwa. Kilichobaki cha kuzaliwa ni ubongo tu. Anajiuliza: kama mwili si wangu, na kumbukumbu zinaweza kuingizwa kichwani na mtu mwingine, mimi ni nani? Katika filme kuko mzoaji wa takataka, mtu wa nyama na damu, mwenye anaongea kila siku juu ya bibi yake na binti yake. Polisi wanamuonyesha kama hakuwa na bibi wala mtoto. Mambo yote yaliingizwa katika kichwa chake. Upande mwingine kuko programu, haina mwili, yenye kusema kama iko hai na kuomba ukimbizi kwa serikali. Nani hapo ni mtu zaidi?

Time of Eve (2008), ya Yasuhiro Yoshiura. Hii haina vita. Roboti zinafanana na watu, basi zinapashwa kuvaa duara ya mwangaza juu ya kichwa ili zitambulikane. Lakini kuko kahawa moja mjini yenye kanuni moja: ndani ya nyumba hii hakuna kubagua mtu na roboti, na duara inazimwa. Kijana Rikuo anagundua kama roboti ya nyumba yao, Sammy, inaenda humo kwa siri. Rafiki yake Masaki alilelewa na roboti Tex. Baba akaikataza kusema na mtoto, na miaka yote ikanyamaza, mpaka siku Masaki alipokuwa katika hatari. Mwenye amewahi kuwa mtumishi katika nyumba ya watu, akapika, akalea, na bado akaitwa «boy» hata akiwa na miaka hamsini, ataelewa filme hii bila kuelezewa.

Pluto (2023), vipindi 8, kutoka manga ya Naoki Urasawa iliyotoka kati ya 2003 na 2009. Urasawa alichukua sehemu moja ya Atomu na kuiandika upya kwa watu wazima. Katika kipindi cha kwanza kuko roboti ya vita yenye kuitwa North nambari 2. Ilikuwa jeshini na iliharibu roboti nyingi kama yenyewe. Sasa ni mtumishi wa mzee kipofu, mtunga muziki, na inamuomba aifundishe piano. Mzee anakataa, anasema mashine haiwezi muziki. Roboti inajibu kama haitaki kurudi tena kwenye vita. Katika jimbo letu, fasi Kisangani ilipigwa kwa mabomu ya vita ya siku sita mwezi wa 6 mwaka 2000, tunawajua vijana waliowahi kubeba silaha na leo wanatafuta kazi ingine ya mikono yao. Na tunajua namna jirani anavyowaangalia.

ROBOTI ZA KWETU: ZA BARABARANI KINSHASA

Kongo haikukaa kutazama tu. Mwaka 2013, enjinia Thérèse Izay Kirongozi na kampuni yake Women Technology, ao Wotech, waliweka roboti za kwanza za kuongoza magari katika mji wa Kinshasa, moja yake kwenye boulevard Triomphal. Zimetengenezwa kwa aliminiamu, urefu kama metre 2 na nusu, zinakula umeme wa jua. Kifua kinazunguka, mikono inapanda na kushuka, taa nyekundu na ya kijani zinawaka, na kamera zinapiga picha ya barabara. Mwaka 2015 zikaongezwa tatu, na zilipewa majina kama watu: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Bei ya moja ilitajwa kuwa dola 27.500.

Madereva wengi walizisifu, na sababu yao ilikuwa moja: roboti haiombi matabishi kama polisi wa roulage. Ni kweli. Lakini tufikiri vizuri. Roboti haikatai matabishi. Haina mfuko wa kuyaweka. Polisi mwenye njaa, mwenye watoto hawajalipiwa masomo, na bado anarudisha noti ya dereva, huyo njo amekataa. Na siku moto inapita na mama mwenye uchungu wa kuzaa, polisi mwenye moyo anasimamisha magari yote ili apite. Tamuke atangoja taa ibadilike.

Hapo tunaona kitu filme zinatafuta: kufuata kanuni, mashine inaweza, tena vizuri kutupita. Lakini kujua siku gani kanuni inapashwa kuachwa kwa ajili ya mwenzako, na kubeba mzigo wa kuchagua, hilo ni jambo lingine.

JE, MASHINE INASIKIA UCHUNGU?

Kwa sasa, hapana kitu chenye kuhakikisha kama mashine inasikia furaha ao uchungu. Programu za leo zenye kujibu maulizo zimesomeshwa kwa maandishi mengi ya watu. Zinaweza kuandika «pole sana» pahali panapofaa, lakini neno pole si sawa na kusikia huruma.

Lenye kujulikana vizuri ni upande wetu: sisi watu tunashikamana na mashine haraka. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, fundi wa kompyuta Marekani, alionyesha programu ndogo yenye kuitwa ELIZA. Ilikuwa inageuza tu maneno ya mtu na kumrudishia kama ulizo. Hata hivyo sekretari wake, aliyejua ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo peke yake. Kule Japani, kampuni Sony iliacha kutengeneza imbwa wa roboti AIBO mwaka 2006, na mwaka 2014 ikaacha pia kuzirekebisha. Kuanzia mwaka 2015, hekalu moja la Wabuda katika mji wa Isumi likaanza kufanyia AIBO zilizokufa sala ya mazishi.

Na mwaka 2017 Saudi Arabia ilitangaza kuipa roboti Sophia uraia. Watu wengi waliuliza wakati ule: wafanyakazi wageni wenye kuosha vyombo katika nyumba za inchi ile, wao watapewa lini?

LUGHA YETU INASEMA NINI

Kiswahili cha shule kinatenga vizuri: mtu amekuja, kiti kimekuja. Kiumbe chenye uhai, hata imbwa, kinapewa a-. Sasa tuseme «roboti amelia» ao «roboti imelia»? Msomaji makini ameona kama hata katika ukurasa huu tunabadilisha: Atomu tunamwita kama mtoto, roboti ya vita tunaiita kama kitu. Mwenye kuchagua herufi moja tu amekwisha kutoa hukumu. Kiswahili chetu cha kuongea hapa Tshopo kinaepuka taabu hiyo: «mutu iko», «kitu iko», wote sawa!

Lakini kuko neno la tatu, lenye thamani kuliko mawili hayo: utu. Mtu unazaliwa, utu unauonyesha. Tunasema juu ya mtu mkatili, hana utu, hata kama ana mikono, miguu na kitambulisho. Tunasema pia mtu ni watu. Ukifuata njia hii, swali la filme linageuka. Badala ya kuuliza tu kama roboti ana utu, linatuuliza kama utu wetu unaonekana katika namna tunavyowatendea wale walio chini yetu. Tenma alikuwa mtu wa kuzaliwa. Siku alipomuuza mtoto, mwenye kupungua hakuwa mtoto.

KWA WAZAZI NA WALIMU

Atomu inafaa watoto kuanzia shule ya msingi, lakini kifo cha mtoto mwanzoni kinaweza kumgusa mwenye amefiwa. Mtu mzima akae naye. Time of Eve inafaa wanafunzi wa sekondari. Ghost in the Shell na Pluto ni za watu wazima na vijana wakubwa: katika ya kwanza kuko damu na miili bila nguo, na ya pili ina vita na vifo vingi.

Kuliko kukataza tu, muulize kijana wako maulizo matatu kisha filme. Katika hadithi hii nani alitumikishwa? Nani alikataa kumuona kama mtu, na kwa sababu gani? Na hapa kwetu, nyumbani, sokoni, kwenye machimbo, nani anatendewa vilevile? Maulizo haya hayahitaji umeme wala intaneti. Tena yanaweza kuleta mazungumzo marefu kuliko filme yenyewe.